Baiskeli ya mtumba ya Kijapani na laki moja na nusu mkononi: nianze na nini?

Msomaji wa Tabata Segerea anauliza:

"Shikamoo fundi. Nimenunua baiskeli ya mtumba ya Kijapani, ile yenye kikapu mbele na fremu ya kike. Nashona nguo dukani kwa mtu Kariakoo, na nauli ya kwenda na kurudi imenichosha, foleni ndiyo usiseme. Nataka niende nayo kazini kila siku, nitoke alfajiri nirudi Magharibi, mara nyingine na bunda la vitambaa nyuma. Imebaki laki moja na nusu ya kuitengeneza. Kijana wa duka la spea ananishauri nifunge shokapu za mbele na matairi mapana yenye kashata kubwa, yale meno manene, eti kwa sababu barabara zetu ni mbovu. Jirani anasema kwanza kofia na vioo. Mimi nianze na nini?"

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujafungua pochi. Nimeshika spana hapa Dar zaidi ya miaka 20, na baiskeli nyingi ninazoletewa baada ya ajali zina vioo viwili, stika kila mahali na kengele ya muziki, lakini raba za breki zimekwisha mpaka chuma kinakwaruza ringi. Mwenyewe alianza na vinavyoonekana. Wewe tuanze na vinavyokusimamisha, kisha vinavyogusa lami, kisha vinavyokufanya uonekane gizani. Fedha ikibaki, ndipo tuzungumze mengine.

Shokapu za mbele ziache kabisa. Zile za bei ya chini ni nzito, hewa yetu ya chumvi inazila kwa kutu, na baada ya miezi michache zinakuwa bomba mbili zisizocheza. Halafu baiskeli yako haikuundwa kuzibeba: breki ya mbele imefungwa juu ya uma, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, kwa kipimo chake, na ukibadilisha uma unaanza kubadilisha na breki. Kinachokukinga na mashimo ni upepo sahihi ndani ya tairi, na tandiko lililowekwa kwa urefu unaokufaa. Hilo la pili ni la bure. Kaa juu ya tandiko, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Baada ya hapo ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na magoti yako yatafika Kariakoo salama.

Sasa breki. Baiskeli za Kijapani za aina yako kwa kawaida zina breki mbili za namna tofauti. Mbele kuna raba mbili zinazobana ringi. Nyuma kuna kidude cha duara kama kopo, kimejishikiza kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na ndani yake mara nyingi kuna mkanda unaobana ngoma. Ile ya nyuma imefunikwa, kwa hiyo mvua haiisumbui sana, lakini ina tabia ya kulia. Ikilia, mtu yeyote asikudanganye uitie oili. Nimepokea baiskeli tatu ndani ya mwezi mmoja zilizotiwa oili kwenye breki ya nyuma ili zinyamaze. Zilinyamaza kweli, na hazikushika tena. Mkanda ukishalewa oili unabadilishwa, hausafishiki ukarudi kama zamani. Ikikukera kelele, peleka kwa fundi aifungue, asafishe vumbi, akaze waya, au abadilishe mkanda.

Ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu ukifunga breki uzito wako unakimbilia mbele. Badilisha raba zote mbili hata kama za zamani zinaonekana nene. Raba ya mtumba imekaa bandarini, imekaa kwenye kontena, imekaa juani. Imekuwa ngumu kama kigae. Ikune kwa ukucha: isipoacha alama, haifai. Badilisha na waya zote mbili pamoja na mirija yake. Usinunue waya wa bei ya kutupa. Mimi uliwahi kunikatikia kwenye mteremko wa Kimara, waya mpya wa wiki moja, na niliupata kwa bei niliyoifurahia siku ile. Mkono wa kushoto bado una kovu.

Halafu angalia ringi ya mbele. Chukua kipande cha sumaku, hata kile cha spika mbovu ya redio. Kikiganda kwa nguvu, ringi ni ya chuma. Chuma kilicholowa maji ni kibaya sana kwa raba. Unabana na baiskeli inaendelea kana kwamba hujagusa kitu. Alumini inashika vizuri zaidi. Sikwambii ubadilishe gurudumu leo, ila ukijua una ringi ya chuma, siku za masika uanze kugusa breki mapema, taratibu, ili raba ifute maji kwanza, ndipo ubane.

Jambo jingine la mtumba ambalo watu hawaliangalii: mkono upi unashika breki ya mbele. Zilizotoka Japani na Uingereza, mkono wa kulia ndio wa mbele. Zilizotoka Uholanzi au Ujerumani, mbele ni kushoto. Yako ni ya Kijapani, lakini hujui ilipita kwa mafundi wangapi kabla yako. Jaribu ukiwa umesimama. Ukishajua, jizoeze mpaka mkono uelewe wenyewe. Kipimo cha mwisho cha breki ni hiki: sukuma baiskeli mbele huku umebana breki ya mbele, gurudumu la nyuma linatakiwa linyanyuke. Na mkono wa breki usigusane na usukani hata ukiuvuta kwa nguvu zako zote.

Tukija kwenye matairi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaliwa fedha Kariakoo kila siku, na muuzaji mara nyingi hata hakusudii. Ukienda dukani ukasema "naomba tairi la inchi 26", utapewa la inchi 26 na halitaingia. Inchi 26 siyo kipimo kimoja. Tazama ubavuni mwa tairi lako: karibu na maandishi 26 x 1 3/8 pana namba nyingine kama 37-590. Hiyo ya pili ndiyo ya kweli. 37 ni unene wa tairi kwa milimita, 590 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi. Baiskeli za milimani, zile za kashata nene ambazo kijana alitaka kukuuzia, nazo zinaitwa inchi 26, lakini zake ni 559. Tofauti ni milimita 31. Hata mkivutana na tairi mchana kutwa halitaingia kwenye ringi yako. Phoenix za babu zetu, zile za breki za vyuma, ni 635. Na kuna baiskeli za Kijapani za inchi 27, hizo zina 630. Kwa hiyo andika namba yako kwenye simu, au bora zaidi, beba tairi la zamani begani uende nalo. Muuzaji akikwambia "hili linaingia, mbona ni saizi moja", mwonyeshe ile namba ya milimita. Kama hazifanani, ondoka.

Tyubu haina masharti makali hivyo; ni mpira, inanyooka. Ya kipenyo cha karibu inafaa mradi unene uendane. Cha kutazama kwenye tyubu ni vavu.

Vavu yako karibu nina hakika ni ile ya kizamani, yenye kofia ndogo ya kukaza na kijiti ndani kilichovikwa kampira kembamba. Pampu za mkono za mafundi wa mtaani zinaijaza bila shida, lakini ya kituo cha mafuta haitaing'ata, kwa sababu ile ni ya vavu ya gari. Sasa sikiliza, hapa utaokoa fedha nyingi. Kale kampira kanaoza kwa joto. Kakipasuka, upepo unatoka taratibu, asubuhi unakuta tairi limelala. Watu wanadhani ni pancha. Fundi anatafuta tundu kwenye beseni la maji halioni, mwisho anauza tyubu mpya. Kumbe ni kampira cha bei ndogo kuliko vyote vilivyomo kwenye baiskeli. Nunua vipande vitano, vitie kwenye pochi ya sindano zako. Fungua kofia, chomoa kijiti, vua kampira ka zamani, vika kapya mpaka kafunike kile kitundu cha pembeni, rudisha. Dakika mbili. Kama vavu hiyo itakuchosha, siku ya kubadilisha tyubu omba yenye vavu ya gari, lakini hakikisha kwanza tundu la ringi linaipokea.

Chagua tairi lenye michoro midogo, siyo kashata. Kashata ni za udongo na matope; kwenye lami zinakuvuta nyuma na kuunguruma, na wewe ndiye injini. Njia yako karibu yote ni lami. Likishafungwa, lijaze ipasavyo. Ubavuni wengi wameandika 300 kPa, yaani pauni 44 hivi. Kwa kuwa vavu yako haipimiki kwa kipimo cha kawaida, tumia kidole gumba: bonyeza kwa nguvu, liingie kidogo sana. Ukikaa, tairi lisitandike chini kama chapati. Jaza kila wiki hata kama halina pancha, kwa sababu tyubu inapitisha upepo yenyewe. Tairi lenye upepo mdogo likigonga ukingo wa shimo, tyubu inabanwa kati ya ringi na lami, inatoboka matundu mawili sambamba. Ukiyaona hayo mawili, usitafute msumari, ulikosa upepo.

Kabla tyubu mpya haijaingia, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote. Kwenye lami zetu kuna vijiti vya waya vinavyotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka, vyembamba kama sindano yako namba 9. Kimoja kikibaki ndani, utaziba pancha tatu kwa siku moja na kumlaumu fundi bure. Angalia pia ule ukanda unaofunika vichwa vya spoku. Ukiwa umechakaa, spoku zenyewe ndizo zitakazotoboa.

Ikibidi hata nusu ya fedha yako iishie kwenye matairi mawili, tyubu na breki, usione umepoteza. Sehemu kubwa ya safari yako ya kila siku inategemea hivyo.

Taa. Hapa kwetu jua halichelewi na halikopeshi mwanga. Mwezi wa 5 na wa 6 linazama saa 12 na dakika kumi hivi jioni, na hata linapochelewa zaidi, mwanzo wa mwaka, ni saa 12 na dakika hamsini. Baada ya hapo giza linashuka haraka. Ukifunga duka saa 12, sehemu kubwa ya mwaka giza litakukuta njiani, na alfajiri vilevile. Baiskeli yako huenda ina dainamo inayosugua tairi la mbele. Usiitupe. Mara nyingi ni waya umekatika au balbu imeungua, na balbu yake ni ya volti 6. Dainamo haihitaji chaji na haiibiwi haraka. Ila ukisimama kwenye mataa, nayo inazima, kwa hiyo taa ya nyuma iwe ya kujitegemea, nyekundu, ya kuchaji kwa chaja ya simu. Kama fedha inatosha taa moja tu, nunua ya nyuma. Mbele unaona mwenyewe kinachokuja. Nyuma huna macho.

Na mahali pa kuifunga pana maana kubwa kwako. Watu wanaifunga chini ya tandiko, halafu wanaweka mzigo juu ya keria, taa inafunikwa na hawajui. Wewe ifunge mwisho wa keria au kwenye madigadi ya nyuma, chini ya bunda. Halafu nenda kwenye duka la spea za malori ununue mita moja ya ule utepe mwekundu na mweupe unaong'aa wanaobandika kwenye bodi za malori. Ni rahisi na unadumu. Bandika nyuma ya madigadi, kwenye mikono ya pedeli, na kipande kwenye uma pande zote mbili. Pedeli zikizunguka, ule mng'ao unapanda na kushuka, na dereva anajua mara moja kwamba mbele yake kuna mtu anakanyaga. Kizibao cha reflekta wanachovaa bodaboda nacho ni kizuri, mradi mtandio usikifunike mgongoni.

Nimetaja mtandio, basi niseme na hili. Baiskeli yako ina kava la cheni, na huenda ina wavu au plastiki pembeni mwa gurudumu la nyuma. Mafundi wengi wanaopata kazi ya cheni wanavua kava na hawalirudishi, wanasema linasumbua. Usikubali. Wajapani waliliweka kwa ajili ya mtu anayevaa sketi, na wewe ndiye huyo. Baibui au kanga ikinaswa kwenye cheni, unaanguka hapohapo, na nyuma yako kuna daladala. Kava likiwa limepinda, linyooshwe. Likikosekana kabisa, tafuta la mtumba kabla ya kununua kioo.

Mzigo: tazama chini ya keria au ubavuni mwake, nyingi za Kijapani zimegongwa namba, 18 au 27 kwa mfano. Hizo ni kilo. Bunda la vitambaa linadanganya, linaonekana jepesi mpaka ulipime. Lifunge kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu chakavu, kama wafanyavyo wote. Ni imara kuliko kamba na haifunguki. Funga kwa kubana chini kisha uvuke msalaba, mwisho wa mpira uchomekwe kabisa usiningʼinie karibu na spoku. Kikapu cha mbele kiachie vitu vyepesi, maana kikiwa kizito usukani unayumba.

Kofia, ndiyo, nunua, jirani yako hajakosea. Ya baiskeli, siyo ya bodaboda. Ya bodaboda utaivua siku ya tatu kwa joto. Kwenye mtumba geuza uangalie povu la ndani: likiwa na ufa au limebonyea, limeshafanya kazi yake kwa mtu mwingine. Ikae usawa, vidole viwili juu ya nyusi, na chini yake vaa mtandio mwembamba usio na fundo kisogoni. Kioo kimoja kinatosha, cha kulia, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na magari yanakupita kulia.

Kufuli ile ya duara iliyoko kwenye fremu inazuia gurudumu lisizunguke tu. Mtu anaweza kuibeba baiskeli begani. Ongeza mnyororo na kufuli, uupitishe kwenye fremu na gurudumu na nguzo.

Kwenye oili, wewe una bahati ya kazi yako. Oili ya cherehani ni nzuri sana kwa waya za breki, maungio ya mikono ya breki na stendi. Kwa cheni ni nyepesi mno, itaisha baada ya siku chache. Cheni ipe oili safi ya injini, tone moja kwa kila pini, kisha ifute kwa kitambaa mpaka ionekane kama haina kitu. Inayobaki nje inakusanya mchanga. Usipokee oili chafu ya gereji, ina unga wa chuma ndani yake. Vipande vya vitambaa nadhani hukosi.

Spana namba 10, 14 na 15 zitakufungulia karibu kila nati ya baiskeli hiyo. Na gurudumu la nyuma halihitaji kufunguliwa kwa kila pancha: toa upande mmoja wa tairi, vuta tyubu kwa pembeni, izibe palepale.

Njia yenyewe. Hofu yangu kwako ni pale utakapoingia Barabara ya Mandela kuelekea Buguruni, kwa sababu ya malori ya bandari. Lori likiwa limesimama kwenye mataa, usijipenyeze upande wake wa kushoto hata kama nafasi ni kubwa. Dereva hakuoni hapo, na akikata kushoto magurudumu ya nyuma yanapita ndani zaidi kuliko ya mbele. Kaa nyuma yake, meza moshi kidogo. Barabara ya Uhuru ni nyepesi zaidi, ila daladala na bajaji zinakata kuingia kituoni bila taarifa. Ukiona konda ameshika mlango na kuinama, punguza. Ukikuta reli, ivuke kwa kunyooka, usiipite kwa mshazari, hasa ikiwa imelowa. Usiendeshe ukiwa umebanana na ukingo wa lami: kule kuna mchanga, mifuniko ya mitaro iliyoibiwa, na ukiyumba huna pa kwenda. Acha kama mita moja.

Ukishamaliza kufunga kila kitu, usianze Jumatatu. Anza Jumapili asubuhi, mapema, barabara ikiwa na watu wachache. Endesha njia nzima mpaka Kariakoo ukiwa na bunda la uzito uleule nyuma. Ukifika tu, kabla hujakaa kupumzika, gusa ringi ya mbele na lile kopo la breki ya nyuma kwa kiganja, taratibu. Kimoja kikiwa na moto wakati hukubana breki sana, breki hiyo inagusa muda wote na ndiyo iliyokuchosha njiani. Legeza nati ya kurekebishia waya wake nusu mzunguko, zungusha gurudumu mpaka lizunguke huru, ndipo urudi nyumbani.